Ukiwapa wachache jimbo lao, umewapa ngazi ya kuondokea?

Msomaji mmoja anayesomea sheria ameniandikia swali ambalo nitalifupisha hivi. Nchi yenye makabila mengi ikiwapa wachache jimbo lao, lugha yao ofisini na viti vyao bungeni, je, si inawapa ngazi ya kupandia siku watakapotaka kuondoka? Ushahidi wake ni Umoja wa Kisovyeti na Yugoslavia, ambazo zote mbili zilipasuka kwa kufuata mipaka ileile ya kikabila iliyokuwa kwenye katiba zao. Upande wa pili anaiweka Ufaransa, isiyotambua kabila lolote ndani ya jamhuri yake, nayo imesimama. Basi anauliza kama njia salama si kuacha kabisa kuyatambua makabila na kusema wote ni raia, yakaisha.

Ndugu yangu, nusu ya ushahidi wako naukubali. Mipaka ya kikabila ikishachorwa kwenye ramani ya dola, siku dola likitikisika hapo ndipo linapopasukia. Ila umekianza kisa kikiwa kimefika mwisho. Rudi nyuma kidogo kabla ya mpasuko wenyewe, na mara nyingi mno utakuta tendo moja lilelile: wachache walikuwa wamepewa kitu, kisha mwenye nguvu akakichukua. Nimelisoma na kulifundisha jambo hili miaka mingi, na ninachoamini ni kwamba nchi huvunjwa na kunyang'anya kuliko kutoa. Ndiyo maana nikiletewa mpango wowote wa madaraka ya wachache, kabla sijauliza umewapa nini, nauliza nani anashika ufunguo wake.

Tuanze na Wasovyeti, maana hapo ndipo hoja yako ina nguvu zaidi. Miaka ya 1920 Wabolshevik, yaani wakomunisti waliotwaa madaraka Urusi, waliuogopa sana ubabe wa Kirusi waliourithi kutoka kwa utawala wa tsar, wakaona wawavute wachache kwa kuwajengea. Lugha ambazo hazikuwa na maandishi zikatungiwa alfabeti. Makada wa kienyeji wakapandishwa vyeo. Jamhuri zikachorwa, na ndani yake jamhuri ndogo zenye madaraka, na chini ya hizo wilaya zenye jina la kabila. Kisha mwaka 1932 ikaja pasipoti ya ndani, na ndani yake mstari wa taifa la mwenye pasipoti. Tazama jinsi mstari ule ulivyofanya kazi. Kijana akitimiza miaka 16 anakwenda kuchukua pasipoti yake. Kama baba ni Mwarmenia na mama ni Mrusi, inabidi achague mmoja. Hawezi kuandika yote mawili, wala hawezi kuandika "Msovyeti". Awe amezaliwa Tashkent, hajawahi kukanyaga Armenia na lugha yake haijui, bado ni lazima achague, na alichoandika siku hiyo kitamfuata akiomba chuo na akiomba kazi. Dola lililohubiri kwamba mataifa yatayeyuka ndilo lililomtia kila raia taifa mfukoni.

Kwa hiyo ni kweli, taasisi zile ziliukuza utaifa. Lakini uliza ni nani hasa aliyeuvunja Muungano. Waliotangulia kutoka ni watu wa Baltiki, ambao nchi zao zilimezwa kwa nguvu mwaka 1940. Lithuania ilitangaza uhuru Machi 1990, nao walikuwa wanadai walichonyang'anywa. Miezi mitatu baadaye Urusi yenyewe, jamhuri ya walio wengi, bungeni ikiongozwa na Boris Yeltsin, ilitangaza kwamba sheria zake ziko juu ya sheria za Muungano. Machi 1991 ilipopigwa kura ya maoni kuuliza kama Muungano uendelee, jamhuri za Asia ya Kati ziliitikia ndiyo kwa zaidi ya asilimia 90. Na tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, waliokaa mezani kutia saini ya kuuzika walikuwa viongozi wa Urusi, Ukraine na Belarus. Mtu wa Asia ya Kati hakuwepo. Watajiki na Wakirgizi walijikuta na nchi ambazo wengi wao hawakuwa wameziomba. Ukisema wachache walipanda ngazi wakaondoka, utakuwa umemsahau mwenye nyumba aliyetoka kwanza akaacha mlango wazi.

Yugoslavia ni wazi zaidi. Katiba ya 1974 iliweka jamhuri sita, na ndani ya Serbia majimbo mawili yenye madaraka yake, Vojvodina na Kosovo. Kosovo ilikuwa na bunge lake, chuo kikuu kilichofundisha kwa Kialbania mjini Prishtina, na kura yake katika urais wa pamoja wa nchi nzima, urais wa viti vinane. Rais Tito, aliyekuwa ameishikilia nchi pamoja, alifariki Mei 1980. Slobodan Milošević, mwanasiasa wa Serbia, akapanda kwa kuwaambia Waserbia kwamba katika nchi hii wao ndio walioonewa. Machi 1989 wabunge wa Kosovo waliletwa kupiga kura ya kujipunguzia madaraka, huku vifaru vikiwa nje ya jengo. Na hapa ndipo penye fundisho. Vojvodina na Montenegro zilikwisha kuwekwa mikononi mwa watu wa Milošević, hivyo Kosovo ilipoanguka yeye akawa na kura nne kati ya nane. Waslovenia na Wakroati walihesabu kura zile kama wewe na mimi tunavyoweza kuzihesabu, wakaona chombo kilichokuwa kinga yao kimegeuka. Miaka miwili baadaye walikuwa wametoka, na vita vikafuata. Kilichowasukuma kilikuwa kuona jinsi madaraka ya jirani yanavyoweza kufutwa asubuhi moja.

Nataka ukae kidogo na Kosovo ya miaka ya 1990, kwa sababu kuna kipimo ninachokitumia sana na hapo kinaonekana vizuri. Walimu wa Kialbania waliokataa mitaala mipya iliyotoka Belgrade, makao makuu ya Serbia, walifukuzwa kazi kwa maelfu. Hawakuacha kufundisha. Familia zilitoa sebule, vyumba vya chini na gereji, watoto wakakaa sakafuni kwa zamu, na vyeti vikapigwa muhuri wa jamhuri ambayo ni Albania tu iliyoitambua. Kizazi kizima kilisoma hivyo, na kilichojifunza kwanza kabisa, kabla ya hesabu na jiografia, ni kwamba serikali ni ya wale wengine. Miaka sabini nyuma, Wajerumani wa Tyrol Kusini walikuwa wamepita njia hiyohiyo. Waliingizwa Italia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wafashisti wakafunga shule zao na kubadili majina ya miji na milima, nao wakafundisha watoto kwa siri majumbani. Ukitaka kujua nchi inakokwenda na wachache wake, usisome ibara ya katiba inayosema wote ni sawa. Tazama mtoto anasomea wapi, na mwalimu wake analipwa na nani.

Eritrea nayo ni hivyohivyo, ingawa watu wengi huisimulia kama vita vya ukombozi tu. Mwaka 1952 iliunganishwa na Ethiopia kwa shirikisho lililopangwa na Umoja wa Mataifa, ikiwa na bunge, bendera na lugha zake rasmi, Kitigrinya na Kiarabu. Umoja wa Mataifa ukakabidhi, ukaondoka. Bendera ikashushwa, lugha zikabanwa mbele ya Kiamhari, na Novemba 1962 shirikisho likafutwa, Eritrea ikawa mkoa wa kawaida. Mapigano yalikuwa yameanza mwaka mmoja kabla. Yalichukua miaka thelathini. Sudan ilikuwa na bahati ya kupata amani kabisa: makubaliano ya Addis Ababa ya 1972 yalisimamisha vita, yakaipa Kusini serikali yake, na yakasema hayatabadilishwa bila kura ya maoni ya watu wa Kusini. Miaka kumi na moja silaha zikanyamaza. Juni 1983 Rais Nimeiri, aliyeyaidhinisha yeye mwenyewe, aliivunja Kusini vipande vitatu kwa amri moja, bila kura ya mtu. Vita vilivyozuka mwaka huohuo vilikwisha mwaka 2005, na mwaka 2011 karibu asilimia 99 ya wapiga kura wa Kusini wakachagua kutoka. Nikisoma habari ya miaka ile kumi na moja nasikitika kila mara. Tena wapo bado waandishi wanaoandika kwamba Sudan ilishindwa kwa sababu ilitoa mno.

Sasa, ufunguo ukishikwa vizuri mambo huwaje? Visiwa vya Åland viko kati ya Ufini na Uswidi, wakazi kama 30,000, wengi mno wao wa lugha ya Kiswidi. Ufini ilipopata uhuru mwaka 1917, wao walitaka kwenda Uswidi, na wakakusanya saini za kuomba hivyo. Lilikuwa jambo la kuleta vita. Mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa, liliamua visiwa vibaki Ufini kwa masharti. Kiswidi ndiyo lugha rasmi pekee ya huko, na ndiyo inayofundishia shuleni. Ardhi inamilikiwa kwa uhuru na mwenye haki ya ukaazi, ambayo mgeni hawezi kuipata kabla ya kuishi pale miaka mitano na kujua Kiswidi cha kutosha. Hakuna kambi ya jeshi, na mwenye ukaazi huo haitwi jeshini. La msingi kuliko yote: sheria ya madaraka ya Åland haiwezi kubadilishwa na bunge la Helsinki peke yake. Lazima bunge la visiwa likubali. Baadaye walitokea wanaotaka uhuru huko, wakaunda chama chao, wakagombea, wakapata viti vichache, na hakuna aliyepoteza usingizi.

Kwenye mpango ule utaona mambo ambayo raia wa kawaida atayaona ya upendeleo. Mfini wa Helsinki hawezi tu kwenda kununua kiwanja nchini mwake. Ni kweli, ana haki ya kulalamika. Lakini bila kizuizi kile watu 30,000 wangemezwa na soko la ardhi katika kizazi kimoja bila sheria yoyote mbaya kupitishwa. Walio wengi hawahitaji kuwa wabaya ili wawameze wachache. Wingi wao unatosha. Hili ndilo linalowapita wanaosema "wote ni raia, yakaisha". Dola haliwezi kutokuwa na lugha. Linaweza kutokuwa na dini, lakini lazima lifundishe kwa lugha fulani, lihukumu kwa lugha fulani, liandike bango la barabarani kwa lugha fulani, na mara nyingi lugha hiyo ni ya walio wengi. Anayeizungumza nyumbani hupanda ngazi ya ofisini bila kujua kwamba kuna ngazi.

Hapo ndipo tunapofika Ufaransa. Unaiona imesimama bila kutambua makabila. Mimi naona kazi ya miaka mia na zaidi ya kuyafuta. Mwaka 1794 padre mmoja mwanamapinduzi, Abbé Grégoire, aliliambia bunge la mapinduzi kwamba Wafaransa milioni sita hivi hawakijui Kifaransa, na wanaokizungumza sawasawa hawazidi milioni tatu. Sheria za shule za Jules Ferry za 1881 na 1882 ndizo zilizokamilisha kazi. Huko Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, mtoto aliyeponyokwa na neno la Kibretoni darasani alivishwa kitu shingoni, mara nyingi kiatu cha mti, akakivaa mpaka amkamate mwenzake akisema hivyohivyo na kumvisha yeye. Atakayekutwa nacho jioni ndiye mwenye adhabu. Ilifanikiwa, sikatai. Ila ilifanikiwa katika karne ambayo mkulima hakuwa na redio ya lugha yake, hakuwa na mahakama ya haki za binadamu, na Kifaransa kilimfungulia kazi katika dola lenye nguvu. Serikali inayojaribu njia hiyo leo haipati Bretagne. Inapata waasi.

Na Ufaransa yenyewe, ilipobanwa, imetambua. Kisiwa chake cha Corsica kina bunge lake, ingawa mwaka 1991 Baraza la Katiba lilikataa maneno "watu wa Corsica" yasiingie kwenye sheria. Huko New Caledonia, visiwa vyake vya bahari ya Pasifiki, makubaliano ya Nouméa ya 1998 yaliifunga orodha ya wapiga kura wa chaguzi za ndani, ili wenyeji Wakanaki wasizidiwe na wahamiaji wapya. Mei 2024 bunge la Paris lilipitisha mswada wa kuifungua orodha ile bila ridhaa yao. Visiwa vikawaka moto, watu zaidi ya kumi wakafa, na mswada ukawekwa kando. Tendo ni lilelile la Khartoum na Belgrade, ingawa lilifanywa na bunge lililochaguliwa kwa haki na kwa hoja nzuri ya usawa wa kura. Mpiga kura wa Paris hakuona amenyang'anya mtu chochote.

Kama unataka mfano mmoja wa kuuandikia tasnifu, linganisha India na Sri Lanka juu ya lugha, kwa sababu wote wawili walikuwa na Watamil. Sri Lanka mwaka 1956 ilipitisha sheria ya kufanya Kisinhala kuwa lugha rasmi pekee. Karani wa Kitamil aliyekuwa kazini miaka kumi aliambiwa ajifunze Kisinhala au asahau kupandishwa cheo. Mwaka uliofuata Waziri Mkuu Bandaranaike alifikia mapatano na kiongozi wa Watamil, Chelvanayakam, yaliyowapa mabaraza ya mikoa na nafasi ya lugha yao. Mwaka 1958, baada ya watawa wa Kibudha kuandamana mpaka nyumbani kwake, akayafuta. Ahadi nyingine ikaja, nayo ikafa. Watamil waliokuwa wanaomba shirikisho wakaanza kuomba nchi, na vita vya 1983 mpaka 2009 vikala makumi ya maelfu ya watu.

India nayo ilikuwa imeandika katika katiba yake kwamba ifikapo Januari 1965 Kihindi kitakamata nafasi ya Kiingereza. Kusini, Watamil waliingia mitaani. Wapo waliojichoma moto. Chama chao kikuu, DMK, kilikuwa hapo nyuma kimedai nchi huru ya Wadravida, yaani jamii za kusini mwa India. Delhi ikafanya nini? Mwaka 1967 ilirekebisha sheria ikasema Kiingereza kitaendelea kutumika mpaka mabunge ya majimbo yote yasiyotumia Kihindi yakubali kukiacha. Soma tena sharti hilo: yote. Ufunguo ulitolewa mikononi mwa walio wengi, ukawekwa mfukoni mwa kila jimbo la wachache. Mwaka huohuo DMK ilishinda uchaguzi wa jimbo la Madras, ikaanza kujenga shule na kugombania bajeti kama chama kingine chochote. Sijui adhabu gani ingeweza kuufanyia utaifa ule kilichofanywa na uwaziri kiongozi.

China nitaigusa kwa ufupi, ingawa wengi huniuliza. Inatambua mataifa 56, ina mikoa mitano yenye jina la madaraka ya ndani, na sheria ya 1984 inataka mkuu wa serikali ya mkoa awe mtu wa jamii inayotajwa kwenye jina la mkoa. Lakini mwenye neno la mwisho ni katibu wa Chama, na sheria hiyo haimtaji. Basi mwaka 2020 ulipoamuliwa kwamba shule za Mongolia ya Ndani zifundishe fasihi, siasa na historia kwa vitabu vya Kichina, wazazi walizuia watoto nyumbani, na hakukuwa na bunge wala mahakama ya mkoa iliyoweza kusema hapana. Na huko Xinjiang, mkoa uliopewa jina la Wauyghur, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 2022 kwamba yaliyofanywa huenda ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Jina la madaraka halikumkinga mtu.

Hofu yako moja, hata hivyo, nataka kuiunga mkono kwa moyo wote. Kutambua kunaweza kugeuka gereza. Bosnia, kwa mkataba wa Dayton wa 1995, ina urais wa watu watatu: Mbosniaki, Mkroati na Mserbia. Dervo Sejdić ni wa jamii ya Waroma, ambao wengi huwaita Wajipsi, na Jakob Finci ni Myahudi. Wote ni raia wa pale, na wote walikatazwa hata kugombea, kwa kuwa si miongoni mwa hao watatu. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliwapa haki. Mpaka naandika haya katiba haijarekebishwa, maana kila kundi lililomo linaogopa kugusa tofali moja. Lebanon iligawana viti vya bunge kwa sensa ya 1932 na haijathubutu kufanya nyingine rasmi hadi leo. Hizi ni ahadi zilizolindwa mpaka zikaganda. Zilisimamisha vita, na kusimamisha vita si jambo dogo, lakini zilisahau kumuuliza mtu yeye mwenyewe anajiita nani, na zilisahau waliozaliwa kwa wazazi wa pande mbili.

Pia zilisahau kuwafanya wanasiasa wahitajiane. Ubelgiji haina vita na haijakaribia kuwa navyo, lakini vyama vyake viligawanyika kwa lugha, na Mflandria, msemaji wa Kiholanzi, kwa kawaida hampigii kura wala kumkataa mwanasiasa wa Wallonia, upande wa Kifaransa. Chuo kikuu cha Leuven kilipogawanywa baada ya ugomvi wa 1968, hata maktaba iligawanywa kwa namba za vitabu, shufwa huku na witiri kule. Mwaka 2010 na 2011 nchi ilikaa siku 541 bila serikali kamili. Nigeria, yenye majeraha makubwa zaidi, ilifikiria vizuri jambo hili. Mwaka 1967, vita vya Biafra, eneo la mashariki lililotaka kujitenga, vikiwa mlangoni, mikoa mikubwa iliyokuwa kama falme za makabila matatu ilivunjwa kuwa majimbo 12, leo 36, ili hata Mhausa, Myoruba na Mwigbo kila mmoja awe na majimbo kadhaa yanayoshindana yenyewe kwa yenyewe. Na mgombea urais lazima apate robo ya kura katika theluthi mbili ya majimbo. Atake asitake, atafunga safari mpaka kwa watu wasiomjua na kuwaahidi jambo. Haijaiponya Nigeria, lakini imewanyima wachochezi njia ya mkato ya kuingia ikulu kwa kabila moja.

Nimebakiza ngazi yenyewe, haki ya kuondoka, ambayo ndiyo uliyoiogopa tangu mwanzo. Ethiopia iliiandika katika ibara ya 39 ya katiba yake ya 1995, kwa taratibu zote za kura. Vita vya Tigray vilipoanza Novemba 2020 ibara ile haikumsaidia mtu, kwa sababu chama kimoja kilikuwa kimeitawala nchi na majimbo yake miaka karibu thelathini na taratibu zile hazikuwahi kujaribiwa kwa nia njema. Kanada haikuiandika. Ilipigiwa kura ya maoni ya Quebec mwaka 1995, na nchi ikaponea chupuchupu, asilimia 50.58 kwa 49.42. Mwaka 1998 Mahakama Kuu yake ikasema mambo mawili pamoja: Quebec haina haki ya kujitoa peke yake, lakini ikiuliza swali lililo wazi na kupata wingi ulio wazi, Kanada yote ina wajibu wa kukaa na kujadiliana. Kila upande uliondoka na kitu. Hakujapigwa kura nyingine tangu hapo.

Lakini mahali ninapopapenda zaidi ni padogo. Mwaka 1815 wakuu wa Ulaya waliokutana Vienna walilitoa eneo la Jura, la watu wanaozungumza Kifaransa, wakaliunganisha na Bern, kantoni (yaani jimbo la Uswisi) ya wasemaji wa Kijerumani. Miaka ya 1960 kulikuwa na vijana wanaochoma maghala kwa ajili hiyo. Uswisi haikuwakataza kudai, wala haikuwakatia mstari kutoka Bern. Iliwauliza, tena kwa hatua. Juni 1974 wilaya zote saba zilipiga kura, ndiyo ikashinda. Mwaka 1975 wilaya za kusini zilizosema hapana zikaulizwa tena zenyewe, zikabaki Bern. Ni watu wa Kifaransa vilevile, ila Waprotestanti kama Bern, na kumbe dini iliwavuta kuliko lugha. Kisha vijiji vya mpakani vikaulizwa kimoja kimoja. Mwaka 1978 Uswisi nzima ikapiga kura kuwakubali, na 1979 kantoni ya Jura ikazaliwa.

Ukabaki mji wa Moutier, uliogawanyika nyumba kwa nyumba. Mwaka 2017 ulichagua kwenda Jura kwa tofauti ya kura 137, kura ikafutwa kwa dosari za utaratibu. Machi 2021 wakapiga tena mbele ya waangalizi kutoka serikali kuu, 2,114 kwa 1,740. Waliokuwa upande wa Bern waliumia, na baadhi yao bado wanaumia. Kantoni mbili zikakaa miaka kadhaa kugawana shule, polisi, kumbukumbu za ardhi na madeni, mkataba ukapigiwa kura pande zote mbili, na tarehe 1 Januari 2026 mji ulihama kutoka kantoni moja kwenda nyingine bila mtu kuhama nyumba yake.